Mkono wa Chapati Si Mkono wa Pai

Karibu katika kila mtaa na kila kijiji cha Kenya yuko mtu ambaye sifa ya chapati zake imeenea. Akishika unga huukanda kwa ngumi zote mbili mpaka jasho limtoke, na chapati zake huwa laini kama kitambaa. Siku moja mtu huyo huazimia kuoka pai ya matunda na chokoleti, labda kwa kuwa mtoto amefaulu mtihani, au wakwe wanakuja kumtembelea. Hununua siagi, hununua chokoleti, hufanya donge la unga, kisha hulikanda kwa nguvu zake zote kama alivyozoea. Pai hutoka motoni ikiwa na rangi ya kupendeza, lakini kisu hakiipiti. Wageni hutafuna kimya kimya kwa adabu yao, na mwenye nyumba huapa moyoni kwamba hatajaribu tena.

Baada ya hapo husikika maneno yaliyozoeleka: kwamba mapishi ya namna hii ni ya mahoteli, au ni ya watu wenye joko la umeme. Maneno hayo si kweli. Pai yaweza kuokwa juu ya jiko la makaa, katika sufuria, na ndizi zinazouzwa sokoni kila siku zafaa sana kwa kazi hiyo. Kilichoiharibu pai ya mpishi yule si ukosefu wa umeme. Ni ule mkono wake hodari. Mkono unaosifiwa kwa chapati ndio mkono unaoharibu pai, na mtu akijua sababu yake hatapoteza tena siagi wala fedha.

KWA NINI PAI HUWA NGUMU

Ndani ya unga wa ngano mna protini ambazo, zikipata maji na kukandwa, hushikana na kufanya nyuzi zinazovutika kama mpira. Nyuzi hizo huitwa gluteni. Kadiri unga unavyokandwa, ndivyo nyuzi zinavyozidi kuwa nyingi na zenye nguvu. Katika chapati hilo ni jambo jema, kwa sababu chapati hutakiwa kusukumwa iwe nyembamba bila kupasuka, na kukunjwa bila kukatika.

Pai hutaka kinyume chake. Sifa ya pai ni kuvunjika upesi mdomoni. Ndiyo sababu huwekwa mafuta mengi, kiasi cha nusu ya uzito wa unga. Mafuta hayo huzifunika chembe za unga, hata maji yasipate nafasi ya kuzifikia zote, na nyuzi za gluteni zisiweze kuwa ndefu. Tena vipande vidogo vya siagi vilivyobaki katika donge huyeyuka vikipata moto, na maji yaliyomo ndani ya siagi hugeuka mvuke. Mvuke huo huinua unga kidogo na kuacha nafasi nyembamba ndani yake. Hapo ndipo unapopatikana ule wepesi unaosifiwa na walaji.

Lakini siagi haiwezi kufanya kazi hiyo ikiwa imekwisha kuyeyuka kabla ya kuingia motoni. Joto la mkono wa mtu peke yake latosha kuiyeyusha. Basi sheria za pai ni tatu tu: vitu viwe baridi, maji yawe machache, na mkono uwe mwepesi.

HABARI KIDOGO YA CHOKOLETI

Chokoleti hutokana na mbegu za mkakao, mti wenye asili ya Amerika ya Kusini ambao hustawi katika nchi za joto na mvua karibu na ikweta. Mwaka 1879 fundi wa vyuma aitwaye Tetteh Quarshie alipanda huko Mampong, katika nchi ambayo sasa ni Ghana, mbegu alizozileta kutoka kisiwa cha Fernando Po, na ukulima wa kakao ukaenea miongoni mwa wananchi. Siku hizi Ivory Coast na Ghana ndizo zinazotangulia kwa mavuno ya kakao duniani. Karibu na Kenya, wakulima wa Bundibugyo katika Uganda na wa Kyela katika Tanzania pia huilima.

Mbegu zikitolewa katika tunda huachwa zichachuke kwa siku kadha, huanikwa juani, hukaangwa, kisha husagwa. Mwaka 1828, huko Uholanzi, jamaa ya Van Houten walipata hati ya shinikizo la kukamua mafuta ya kakao, na masalio yake makavu yakasagwa kuwa unga. Unga huo ndio kakao inayouzwa madukani katika makopo. Chokoleti ya kipande ni kakao iliyochanganywa na sukari na mafuta yake yenyewe, na ile ya maziwa huongezwa maziwa.

Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 za sentigredi hivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wa mwanadamu. Kwa hiyo chokoleti huyeyuka ulimini, na kwa hiyo pia haivumilii joto la duka lenye paa la mabati. Mnunuzi akifungua karatasi na kuona weupe juu ya chokoleti, asidhani kwamba ni ukungu. Mara nyingi ni mafuta yaliyoyeyuka mchana, yakapanda juu na kuganda tena usiku. Chokoleti hiyo haina ubaya, na kwa kuoka yafaa kama nyingine.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu sita hutosha vitu hivi:

Unga mweupe wa ngano, gramu 250, yaani vikombe viwili.
Siagi baridi, gramu 125. Mafuta ya kupikia yaliyoganda yaweza kutumika badala yake, ijapokuwa ladha yake ni ndogo.
Sukari, vijiko vikubwa vitatu.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Maji baridi sana, vijiko vikubwa vinne au vitano.
Ndizi mbivu nne za kadiri, au kisukari saba au nane.
Chokoleti nyeusi, gramu 100.
Maji ya ndimu moja.
Maziwa kidogo ya kupaka juu.

Asiyepata chokoleti ya kipande achukue vijiko vikubwa vitatu vya kakao, achanganye na vijiko vitatu vya sukari na kijiko kimoja cha unga. Lakini atazame vema maandishi ya kopo. Kakao iliyotengenezwa kwa kunywa mara nyingi imekwisha kutiwa sukari nyingi, na akiongeza nyingine pai itamshinda mlaji kwa utamu.

Ndizi ziwe mbivu lakini zisilegee. Ndizi za kupika hazifai kwa kazi hii, na ndizi iliyokwisha kuwa nyeusi ndani hugeuka uji.

KUTENGENEZA DONGE

Kazi hii yafaa kufanywa asubuhi na mapema, au jioni jua likiisha kutua, hasa Mombasa, Lamu, Kisumu na mahali pengine penye joto. Asiye na friji aitie siagi katika kopo lenye kifuniko kinachobana, aliweke kopo hilo usiku kucha ndani ya mtungi wa maji, au alifunge kwa kitambaa chenye maji na kuliweka mahali penye upepo. Maji yanapokauka katika kitambaa huchukua joto pamoja nayo, na kopo hupoa.

Kwanza mpishi achekeche unga pamoja na chumvi na kijiko kimoja cha sukari katika bakuli pana. Kisha aikate siagi vipande vidogo kama maharagwe, avitie katika unga, na kuvisugua kwa ncha za vidole tu. Kiganja kisiguse unga, kwa kuwa kiganja kina joto kuliko ncha za vidole. Aendelee mpaka unga uonekane kama chenga za mkate, huku vipande vichache vya siagi vikiwa bado vyaonekana. Hapo aache. Watu wengi huharibu kazi hapa kwa kutaka kuumaliza kila uvimbe.

Baadaye anyunyize vijiko vitatu vya maji na kuchanganya kwa kisu, si kwa mkono. Akiona unga bado umetawanyika aongeze kijiko kimoja, kisha kingine ikilazimu. Maji yatosha pale unga unaposhikana ukiminywa. Mara ukishikana aukusanye upesi uwe donge bapa, aufunge kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo, na kuuweka mahali pa baridi kwa nusu saa. Asiukande hata kidogo.

Ile nusu saa si ya kupoteza wakati. Nyuzi za gluteni zilizojifanya hulegea katika muda huo, na siagi hurudi kuwa ngumu. Donge lisilopumzishwa hujivuta likiingia motoni, na pai iliyokuwa pana huwa ndogo, na kingo zake hufunguka.

KUJAZA NA KUKUNJA

Donge linapopumzika, mpishi akwangue chokoleti kwa kisu au kwa kikwaruzo. Halafu amenye ndizi na kuzikata vipande vya unene wa kidole, azinyunyizie maji ya ndimu na vijiko viwili vya sukari vilivyobaki. Ndimu huzuia ndizi zisigeuke rangi kwa kupigwa na hewa, tena ukali wake hukata utamu wa chokoleti.

Donge lisukumwe kwa kifimbo cha chapati juu ya kibao kilichonyunyizwa unga kidogo, kuanzia katikati kwenda ukingoni, mpaka liwe duara lenye upana wa sentimita 30 hivi na unene kama wa sarafu mbili zilizopangwa pamoja. Lisipokuwa duara kamili si kitu. Uzuri wa pai ya namna hii ni kwamba haihitaji bati la umbo maalumu. Liwekwe juu ya sahani ya bati iliyopakwa siagi.

Chokoleti itandazwe kwanza, katikati, na kuacha ukingo mtupu wenye upana wa vidole vitatu. Ndizi zipangwe juu ya chokoleti. Utaratibu huu una maana. Chokoleti ikiwekwa juu huungua na kuwa chungu kabla unga haujaiva, lakini ikiwa chini ya ndizi huyeyuka polepole. Tena husaidia kuzuia maji ya tunda yasiloweshe unga wa chini. Mwisho ukingo ukunjwe kuelekea ndani, hatua kwa hatua, ili ufunike kingo za ndizi na kuacha katikati wazi. Mikunjo ipakwe maziwa ili ipate rangi.

JOKO BILA UMEME

Mwenye joko la umeme au la gesi alipashe kwanza mpaka nyuzi 200, kisha aoke pai kwa dakika 30 mpaka 35. Asiye nalo asivunjike moyo. Wapishi wa Pwani tangu zamani hupalia makaa juu ya kifuniko ili wali ukauke vizuri, na hekima hiyo hiyo hutosha kwa pai.

Achukue sufuria kubwa na nzito, pana kuliko ile sahani ya pai kwa kidole kimoja kila upande. Ndani yake atie mchanga mkavu na safi, kina cha vidole viwili, aifunike kwa kifuniko cha chuma kisicho na mpini wa plastiki, na kuipasha juu ya jiko kwa robo saa. Kisha ajaribu moto. Chukua kifuniko kidogo cha kopo, utie unga kidogo juu yake, uuweke ndani ya sufuria na kuifunika. Baada ya dakika 5 tazama. Unga ukiwa bado mweupe, moto ni mdogo. Ukiwa mweusi, moto ni mkali mno. Ukiwa na rangi ya kahawia, wakati wa kuoka umewadia.

Moto ukifaa, apunguze makaa ya chini, aweke pai juu ya mchanga, afunike, na kupalia makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Chini huwa na moto wa mchanga uliokwisha kupashwa, lakini juu hakuna kitu kinachotia rangi ila makaa hayo. Asifunue kabla ya dakika 25, kwa maana kila anapofunua joto lote hutoka. Pai imeiva mikunjo yake ikiwa na rangi ya kahawia, na ukingo ukigongwa kwa kisu hutoa sauti kavu.

JAMBO LA HATARI

Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyefungiwa pamoja nayo huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, na huenda asiamke tena. Kwa hiyo kazi hii ifanywe nje, au jikoni penye milango na madirisha wazi. Jiko lisiingizwe katika chumba cha kulala kwa kuwa nje kuna baridi au mvua, hata kama makaa yaonekana yanazimika. Tena kifuniko chenye makaa kiinuliwe kwa koleo, na watoto wakae mbali. Pai ni kitu kidogo sana kulinganishwa na roho ya mtu.

MATUNDA MENGINE

Ndizi si tunda la pekee. Wakati wa maembe, bei yake hushuka sana Pwani na Ukambani, na mengine huoza chini ya miembe. Embe lililoiva lakini gumu kidogo hupatana vizuri na chokoleti. Nanasi nalo hufaa, lakini lina maji mengi. Lazima likatwe vipande na kupikwa kwanza na sukari kidogo mpaka maji yakauke, kisha lipozwe kabisa. Plamu na pichi za nyanda za juu zikatwe na kutolewa kokwa. Kwa kila tunda lenye maji mengi, kijiko kimoja cha unga au cha chenga za mkate mkavu kinyunyizwe chini yake ili kinywe maji hayo.

AKIKOSEA, ATAZAME WAPI

Pai ikiwa ngumu, unga ulikandwa, au maji yalizidi. Ikiwa imelowa chini, moto wa chini ulikuwa hafifu, au tunda lilikuwa na maji mengi. Ikiwa imeungua chini na juu ni nyeupe, makaa mengi yaliachwa jikoni badala ya kupaliwa juu. Ikiwa imemiminika mafuta pembeni, siagi ilikwisha kuyeyuka kabla ya kuoka. Mwenye kujua kosa lake hana haja ya kuapa kwamba hatajaribu tena. Abadili jambo moja tu, na pai ya pili itamwonyesha tofauti.

Pai ikitoka motoni iachwe ipoe kwa nusu saa kabla ya kukatwa. Chokoleti iliyoyeyuka huchoma ulimi vibaya kuliko uji, na isipopewa muda wa kushikana hutiririka sahanini. Tena ikumbukwe kwamba chakula hiki kina sukari na mafuta mengi, nacho ni cha siku za furaha, si cha kila siku. Kipande kimoja chatosha mtu, na watoto wapige mswaki kabla ya kulala.

Mpishi yule hodari hana haja ya kuusahau ufundi wake. Siku ya chapati na aukande unga mpaka jasho limtoke kama kawaida. Lakini siku ya pai na auoshe mkono wake kwa maji baridi, aufute, auguse unga kwa ncha za vidole, kisha aache. Wakwe watakapokuja safari nyingine, kisu kitapita bila kushindana naye, na kimya cha mezani hakitakuwa cha adabu tena, bali cha watu wanaoona raha kula.